Kadi ya Mzee Yotham

Shamila aliichota kadi pamoja na unga wa uwele. Akaipeleka dirishani: picha ya mchezaji wa besiboli wa Kimarekani, kofia kichwani, gongo begani, kona moja imekunjika. Ilikuwa kadi ya rafiki yake Loisi, hapana shaka. Akampelekea mumewe, akimgombeza kwa kuzagaza vitu vyake jikoni. Hanifu alifungua kisanduku chake cha chuma, na humo mlikuwa na kadi ileile, kona ileile imekunjika.

Siku hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, wageni walimiminika Dodoma kutafuta vitu vya kale, na Hanifu ndiye aliyewapimia stempu, sarafu na kadi za wachezaji. Alitumia lenzi ya fundi saa: kwanza kona, kisha rangi, kisha maandishi ya mgongoni, mwisho harufu. Wiki iliyopita Loisi alimletea kadi aliyoachiwa na baba yake, Mzee Yotham, aliyewahi kumpikia fundi matrekta Mmarekani kule Kongwa, kwenye mashamba ya karanga.

Loisi hakuwa mtu baki. Miaka sita nyuma, Shamila alipolazwa baada ya kujifungua, Loisi ndiye aliyemnyonyesha Joha miezi miwili pamoja na mwanawe mwenyewe. Sasa alitaka kujua kama kadi ingemwezekea nyumba yake ya Miyuji kabla ya mvua. Hanifu aliikagua, akasema, "Hizi zipo tele, shemeji. Niachie tu, nikupe mia tano ya sabuni." Loisi akamgeukia Shamila. Shamila, kwa ujinga wa mke anayemwamini mumewe, akaitikia kwa kichwa, na kadi ikabaki.

Kesho yake, baada ya ile kadi ya kwenye unga, zilikuwa tatu chini ya mto wa Joha. Kufikia Ijumaa zilikuwa ndani ya viatu, ndani ya birika, katikati ya kurasa za msahafu, zote na mkunjo uleule, na kila zilipochomwa nyumba ilijaa harufu ya tumbaku na karanga zilizoungua, na nyuma ya ukuta, mchana kweupe, jua likiwa utosini na hakuna mtu uani, kikasikika kishindo cha gongo likipiga kitu kigumu, kikanyamaza, kikapiga tena, karibu zaidi.

Mwalimu Abdulnasiri wa madrasa aliitwa kuisomea nyumba. Alisoma, akanusa, akakataa chai.

"Jini wa kadi hii alikaa na Mzee Yotham kwa heshima," alimwambia Hanifu kwa sauti ya chini. "Wewe umemwita wa kawaida, ukasema zipo tele, naye anakutimizia ulilosema. Nenda kwa mwenye kadi useme kweli, kwa mdomo uleule."

"Kweli gani?" Shamila aliuliza.

Hanifu alitazama sakafu. "Zinajulikana nne tu duniani. Mgeni wangu wa Jumatatu atatoa bei ya nyumba nzima."

"Baba Joha. Yule amemnyonyesha mwanao."

"Nitakwenda."

Alikwenda, akarudi na uso mkunjufu. "Nimemwambia. Amenisamehe." Shamila alilia kwa furaha, akajitanda khanga, akaenda Miyuji kuomba radhi kwa upande wake.

Loisi alikuwa akichambua mlenda. "Alifika, ndiyo," alisema. "Kasema kadi imeliwa na panya. Nikamwambia si kitu, sisi ndugu."

Shamila akamweleza yote, hata jinsi alivyoitikia kwa kichwa. Loisi hakumfukuza. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Hilo lilimuuma Shamila kuliko matusi yoyote.

Nyumbani alimkuta Hanifu mezani na lenzi yake. Hakumpa hata salamu.

"Nilidhani nimepata mwanamume wa pekee," alisema. "Kumbe waume wa aina yako wamejaa kila kona ya mji huu."

Hanifu aliinua mikono kumnyamazisha, lakini mkewe alikwisha sema. Harufu ya karanga zilizoungua ikapanda, na mlango wa mbele ukagongwa, na sauti ya Hanifu ikasema polepole, "Hodi, mama Joha, nisamehe," na dirishani sauti ileile ikaapa kwamba safari hii itasema kweli, na barabarani zikasikika kandambili nyingi, zote zikiburutwa kwa mwendo wa mumewe, zikija, huku yule wa mezani naye akilia kwamba yeye ndiye, wallahi yeye ndiye. Shamila alimtazama na hakuweza kumwamini.

Uani, Joha akaitikia kwa furaha, "Karibu, baba," na komeo likafunguliwa.