Kilichogonga Ndani ya Injini

Jioni ile nilitumwa unga tu. Tupokigwe, mke wangu, alikuwa bado na mtoto mchanga, na mashine ya kusaga ilikuwa upande wa pili wa Iyunga. Nilifurahi kutumwa. Asubuhi yake nilikuwa nimemaliza kufunga injini ya pikipiki yangu, na fundi aliyemaliza injini hatembei kwa miguu.

Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza ya kabla ya vita, silinda moja. Niliinunua Iringa kwa mfanyabiashara mmoja, mzee Matano. Mtu muungwana, hakunificha kitu. "Mwenyewe ilimwangusha kwenye mlima wa Kitonga," aliniambia. "Walipomkuta keshapoa, injini ilikuwa bado inaunguruma. Chombo hiki kinataka mtu, mwanangu."

Mimi ni Mmoraviani, mwana wa mzee wa kanisa. Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama kama kichekesho. Mama hakucheka, akaendelea kumenya ndizi zake.

Basi, nikapiga kiki. Ikaitika mara moja. Nikatoka barabarani kifua mbele, na kabla sijafika kwenye kona nikasikia.

Ko... ko... ko...

Kelele za injini nazijua. Valvu iliyolegea hulia kama sufuria. Pistoni iliyochakaa hugonga kwa hasira. Ukiongeza moto, nayo inaongeza. Hii haikuongeza. Nilivuta mafuta, ikabaki vilevile. Nikapunguza, vilevile. Iligonga kwa mwendo wake yenyewe, kama vile mimi na injini yangu hatuihusu.

Niliporudi na unga, Tupokigwe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani.

"Baba Yudith, mtoto alishindwa kunyonya. Midomo ilibadilika, mwe! Nilidhani anakwenda."

"Na sasa?"

"Sasa anavuta vizuri. Ulipozima tu."

Neno hilo la mwisho halikuniingia. Kichwani nilikuwa na kelele yangu.

Nikaifungua tena injini katika banda langu la mabati nyuma ya nyumba. Nikabadilisha ringi. Nikakagua beringi moja moja. Nikafunga, nikawasha. Ko... ko... ko... Nikafungua tena. Mama alikuja kila alasiri na chai yake, kama alivyozoea, akakaa kwenye debe, akanitazama.

"Iache, mwanangu," alisema. "Mbona inatembea? Wewe panda, nenda Igawa kwenye kazi zako. Haitakudhuru."

Nikamtania kwamba tangu lini Marta wa Tukuyu amekuwa fundi. Akatabasamu, akakusanya vikombe.

Kila nilipowasha, nyumbani kukawa na kilio. Mwishowe Tupokigwe akaja mwenyewe bandani jua linazama, amembeba Yudith.

"Zima."

"Nasikiliza kitu."

"Zima, nakuomba! Au sikiliza na huyu."

Sisi mafundi tuna namna yetu ya kusikiliza. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaiweka kwenye injini, mpini unaukandamiza kwenye mfupa wa sikio. Kelele inakuja peke yake, safi. Nikaweka. Ko-ko... ko-ko... Kumbe ilikuwa inagonga mara mbili mbili. Kisha, kwa kumridhisha tu mke wangu, nikainama na kuweka sikio kwenye kifua cha binti yangu. Kilikuwa kidogo, kimelowa jasho.

Ko-ko... ko-ko...

Nikazima injini. Banda likawa kimya kabisa. Yudith akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia. Sijui kwa nini nilirudisha bisibisi pale kwenye chuma.

Kilikuwa bado kinagonga.

Injini imezimwa. Hakuna kinachozunguka. Na kinagonga.

Tupokigwe aliuona uso wangu, akanong'ona, "Kitovu cha mtoto. Kimezikwa wapi?"

Kwetu Wanyakyusa, kitovu cha mtoto kikidondoka huchukuliwa na bibi yake akakizike kwenye shina la mgomba, maana anayekishika ameshika uhai wa mtoto. Baba haulizi ni mgomba upi. Baba anayeuliza ataambiwa ana nia mbaya na damu yake. Kwa hiyo sikuwa nimeuliza.

Na hapo nikakumbuka pini.

Ndani ya injini ile mna pini nene ya chuma, tupu katikati kama mwanzi, ambamo uchafu wa oili hujikusanya. Ukishaisafisha unaiziba kwa kizibo cha skrubu, unakigonga kwa patasi kisilegee, na hakifunguliwi tena mpaka injini ife. Mara zote hizo nilipokuwa nikihangaika na ringi, kile kizibo sikukigusa, maana nilikifunga mwenyewe. Siku niliyokifunga, wiki ile ile kitovu cha Yudith kilipodondoka, mikono yangu ilijaa grisi. Mama ndiye aliyenishikia pini. Akanipa pini, akanipa kizibo, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Tena nikamshukuru.

Nikaishusha injini mwanga ungalipo. Kizibo kilikataa, nikakipiga mpaka kikalia. Kilipotoka, haikutoka harufu ya oili.

Ilitoka harufu ya mtoto. Maziwa, na ule utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Ndani mlikuwa na kitambaa kilichoviringishwa, na ndani ya kitambaa kitu kikavu, kidogo kuliko kipande cha tangawizi. Tupokigwe alikinyakua, akakimbia nacho migombani. Mimi nilibaki na kitambaa mkononi. Niliijua ile nguo. Ilikuwa kipande cha mbeleko ya zamani ya mama, niliyobebewa mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe ni mbeleko.

Mama alikuwa jikoni, anasugua chungu.

"Umeifungua," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Mama, ni damu yako yule."

"Na wewe ni damu yangu." Akanyanyua macho, na nilichokiona humo hakikuwa uchawi wala aibu. Ningependa kingekuwa aibu. "Matano alisema inataka mtu. Ningekuzuia usipande, ungenisikia? Mjukuu atazaliwa mwingine, gwe mwanangu Andendekisye. Wewe nitakuzaa wapi tena?"

Mchawi wa jirani ningejua la kumfanya. Huyu ningemfanya nini? Nilimwambia asikanyage tena ndani mwangu wala asimguse mwanangu, akalale kwa dada yangu. Nililia njia nzima kurudi bandani, mtu mzima mwenye ndevu.

Yudith alianza kunyonya usiku uleule, akanenepa. Vipande vya injini nikavipanga kwenye sanduku la mbao, nikapigilia kifuniko misumari, nikisubiri lori la kuvirudisha Iringa.

Lori halijafika, kifua changu kikaanza. Kila jua likizama kilibana, kama mtu amenikalia. Nikawa nashindwa kuinua nyundo. Na kutoka kwenye sanduku, vyuma vilivyolala mbalimbali, vikavu, bila tone la mafuta...

Ko-ko... ko-ko... Sambamba na kifua changu.

Sikumwambia mtu. Lakini jioni moja mama alisimama nje ya uzio. Hakuingia, maana nilimkataza. Alinitazama jinsi nilivyoshika ukuta kutembea. Akauliza tu, "Inakubana?" Nikampa mgongo. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona amesimama kwa miguu yake.

Asubuhi dada yangu aliniambia mama kapanda basi la Tukuyu alfajiri, kichwa amekifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nikavuta pumzi kumjibu, na pumzi ikaingia yote, mpaka chini. Kifua kilikuwa chepesi. Nikakimbilia bandani. Misumari ya kifuniko ilikuwa imeng'olewa na kurudishwa vibaya, kwa mkono usiojua nyundo.

Ndani, pini ilikuwa imezungushiwa nywele. Nywele nyeupe, zimesukwa vizuri kama za kwenda kanisani, zimefungwa kwa uzi wa mbeleko ileile.

Nikasikiliza. Ko... ko... Taratibu sasa, kama mtu mzee anayepanda mlima.

Habari zilikuja baadaye kwamba hainuki kitandani. Mara tatu nimechukua mkasi. Nikizikata nywele zile, mama atapona, halafu kitarudi kwangu, na kutoka kwangu, wa jirani kabisa ni Yudith. Mara tatu nimerudisha mkasi mahali pake. Alimwuza mwanangu, na sasa hata haki ya kumkasirikia ameninyang'anya.

Lori la Iringa limeshapita mara nyingi. Sanduku sijalitoa. Kila jioni nachukua bisibisi, ncha kwenye ubao, mpini sikioni, nahesabu.

Jana pigo moja liliruka. Nilingoja nimeshika pumzi, mpaka likaja lingine. Ndani ya nyumba, Yudith alikuwa anacheka.