Je, Debra Anahitaji Tuisheni?

Philister Namalwa aliuza sare za shule katika duka moja la Biashara Street, katikati ya jiji la Nairobi. Kila jioni alirudi nyumbani, mtaa wa Satellite, akapika, kisha akakaa na binti yake Debra akifanya kazi ya shule. Mumewe, Were, alikuwa fundi wa umeme, na siku nyingi kazi ilimweka mtaa wa Lavington mpaka giza liingie.

Debra alikuwa darasa la sita. Alipenda kusoma hadithi, na walimu walikisifu Kiswahili chake. Lakini mwaka huo wa 2006 hesabu ilianza kumtesa. Muhula wa kwanza alishuka. Muhula wa pili akashuka zaidi. Siku ya mtihani wa hesabu aliamka akisema tumbo linamuuma.

Huko dukani, wazazi waliokuja kununua sare hawakuacha kuzungumzia tuisheni. Huyu mwanawe alifundishwa kila jioni, yule mpaka Jumapili baada ya kanisa. Philister akaingiwa na hofu kwamba binti yake anaachwa nyuma. Akaamua Debra aingie tuisheni ya masomo yote, kila jioni, na Jumamosi kutwa.

Were hakukubali. Alisema mtoto anatoka shule akiwa amechoka, na kumwongezea masomo ni kumchosha bure. Wakabishana, sauti zikapanda. Ndipo Debra akatoka chumbani.

"Msigombane juu yangu," alisema. "Hata mkiniletea mwalimu, haitasaidia. Mimi ni mjinga tu."

Maneno hayo yalimchoma Philister kuliko alama zote za mtihani. Asubuhi aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni, Riruta, kumwona Mwalimu Nzuki, aliyefundisha darasa la Debra hesabu.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba tuisheni husaidia, ila si kila mtoto anayeshuka shuleni huihitaji. Kuna mtoto asiyeona ubaoni vizuri. Kuna asiyelala vya kutosha. Mwingine anaonewa na wenzake na anaogopa kusema. Mtoto kama huyo, hata umletee walimu watatu, hatainuka mpaka tatizo lake litatuliwe.

"Tumuulize mwenyewe kwanza," alisema, akamwita Debra.

Alimpa hesabu chache, akamwomba aeleze kwa mdomo kila anachofanya. Debra alijumlisha na kuzidisha bila shida. Alipofika kwenye sehemu, zile nusu, robo na theluthi, akakwama. Akatazama sakafu.

"Mama Debra," mwalimu aliuliza, "huyu aliwahi kukosa shule kwa muda mrefu?"

Philister alikumbuka mara moja. Debra alipokuwa darasa la nne aliugua homa ya matumbo, akalazwa. Aliporudi, wenzake walikuwa wameshamaliza sehemu, na hakuna aliyemrudishia somo lile.

"Basi wewe si mjinga," mwalimu alimwambia Debra. "Hujafundishwa. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Debra aliinua uso. Mama yake akageuka upande, akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

Mwalimu alishauri wasimjazie mtoto masomo asiyoyahitaji. Wamtafutie mtu mmoja mvumilivu, amfundishe sehemu tu, siku mbili kwa wiki, mpaka muhula uishe. Wakiona hakuna mabadiliko, warudi wazungumze tena. Na mtoto aachiwe nafasi ya kucheza na kulala.

Jioni hiyo Philister alimweleza Were yote. Were alicheka kidogo, akasema tuisheni ya namna hiyo anaikubali. Lakini safari hii walimuuliza Debra mwenyewe kama anataka. Alifikiri, akasema anataka, mradi asichekwe akikosea.

Walimpata Ciru, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeishi ploti ya pili kutoka kwao. Ciru hakuwa na haraka. Debra alipokosea, alimuuliza amefikaje hapo, wakarudi nyuma pamoja. Mwanzoni mambo yalikwenda polepole, Philister akataka kukata tamaa. Kisha jioni moja akiwa jikoni akamsikia Debra akisema, "Ngoja, usiniambie. Nimeiona." Siku ya mtihani uliofuata, Debra hakutaja tumbo.

Muhula ulipoisha, wazazi walialikwa shuleni. Mwalimu Nzuki aliandika swali ubaoni: muuzaji ana lita saba na nusu za maziwa, kila chupa inajaa kwa robo tatu ya lita, atajaza chupa ngapi? Wanafunzi wakainamisha vichwa. Mkono mmoja ukapanda, na Philister akashika mkono wa mumewe. Mkono uliopanda ulikuwa wa Debra.

Alisimama mbele ya watu wote, chaki mkononi.

"Kila lita ina robo nne," alieleza. "Lita saba na nusu zina robo thelathini. Kila chupa inachukua robo tatu. Kwa hiyo ni chupa kumi."

Darasa zima likapiga makofi. Were alisimama kabisa, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Wakiwa njiani kwenda nyumbani, Philister alimuuliza binti yake kama angependa Ciru aendelee kuja muhula ujao.

"Aje kunisalimia tu, mama," Debra alijibu. "Hesabu sasa naiweza mwenyewe."