Wimbo wa Purity Uliorefuka

Wimbo ulikuwa umerefuka. Njagi, fundi wa kompyuta mjini Embu, alidhani anaota, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeurekodi: Purity akiimba peke yake kanisani Kianjokoma. Kompyuta aliyoutunzia iliibwa. Sasa Purity amezikwa, na wimbo ule ulibaki kwenye kichezaji chake kidogo cha muziki tu. Mamake, Wawira, aliyekileta dukani kwa Njagi, hakuwa na sauti nyingine ya bintiye popote duniani.

"Mama Purity, hii kompyuta mpya inataka kusinki na hiki kichezaji," Njagi alisema. "Nikikubali, inafuta vya huku ndani na kuweka nyimbo zake. Ngoja kwanza nikunakilie wimbo."

Alinakili. Nakala ikatoka kimya kitupu. Akachomoa waya, akachomeka tena, akarudia, wapi! Lakini kwenye kichezaji wimbo ulizidi kurefuka, na baada ya ubeti wa mwisho ikasikika pumzi, duka zima likanuka udongo mbichi na maua ya mazishi, mchana kweupe.

"Mami," sauti ikanong'ona. "Niletee mtoto wangu."

Maskini, mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni mwa nyanyake! Purity alimwacha akinyonya. Na kila sauti ile ilipomwita mtoto, mwili wake mdogo ulizidi kupoa, akaacha kulia, akaacha kuchezesha vidole, kichwa kikalala begani mwa Wawira huku midomo ikigeuka rangi, na sauti haikukoma kumwita, taratibu, kwa upole uleule wa mama anayebembeleza.

"Ulikitoa wapi hiki kitu?" Njagi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa jeneza," Wawira alijibu. "Wanakwaya walimwekea, alale na wimbo wake. Kabla hawajafunika, nikakitoa. Ningeachaje sauti ya mtoto wangu ifukiwe?"

"Ai, mama! Kitu umeshampa maiti unarudisha kwa nyumba? Huyo si Purity. Ni jini limevaa sauti yake. Tusinki, kila kitu kifutike."

"Na wimbo?"

"Na wimbo, mama. Pole."

"Usinifute, mami," sauti ikalia. "Ni mimi. Nasikia baridi."

Wawira alifungua mbeleko, akamkumbatia mjukuu kifuani. Alikuwa baridi kabisa. Basi akabonyeza kitufe cha kusinki mwenyewe, akilia kwa uchungu, na sauti ikaimba, ikafifia, ikakatika katikati ya neno. Nyimbo za watu wengine zikaanza kuingia.

Mtoto akapiga chafya, kisha akalia kwa nguvu. Joto likamrudia. Njagi akamshukuru Mungu kwa sauti, akafungua dirisha.

Wawira hakusogea. "Siku ya mwisho hospitalini alilia hivyo hivyo, kwamba anasikia baridi," alisema. "Nikamwambia avumilie, naenda kumtafutia blanketi. Nikarudi nikakuta ameenda. Njagi, na kama alikuwa ni yeye?"