Mazoezi ya Baridi

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Nyangi, pale Suna mjini Migori, sufuria kubwa ilitangulia chai motoni. Yalikuwa maji ya kuoga ya Nyangi. Baba, mama na kaka yake Oliver walioga maji ya tangi jinsi yalivyotoka, na Oliver hakuacha kumtania dada yake kwa hilo.

"Malkia, maji yako yameiva!" aliita kila mara akigonga mlango. "Tia chumvi tukule."

Maji hayo hayakuwa ya kumdekeza mtu. Nyangi alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao watu wengi wa kando ya ziwa huuita sikoseli. Chembe nyekundu za damu yake hujikunja na kunasa ndani ya mishipa, hasa mwili ukipata baridi au ukikosa maji ya kunywa, na hapo maumivu huja. Ndiyo maana alimeza kidonge cha foliki cha kuongeza damu kila siku, akabeba chupa ya maji shuleni, na kuvaa sweta hata wenzake wa gredi ya sita walipokuwa wakijipepea kwa madaftari. Mama yake, Edith, alikuwa muuguzi, na katika mambo hayo hakutaka mchezo.

Lakini tangu mwaka uanze, Nyangi alikuwa na siri. Alibeba beseni lake la maji moto hadi bafuni, akafunga mlango, akayamwaga yote shimoni. Kisha alijimwagia maji baridi aliyoyateka mapema, huku ameuma meno asipige kelele. Alipotoka alijipaka mafuta upesi ili mtu yeyote asione vipele vya baridi mikononi.

Yote hayo yaliletwa na Kanada. Mama alikuwa amepata kazi ya uuguzi katika mji uitwao Winnipeg, na familia nzima ingeandamana naye. Washiriki wa kanisa lao la Waadventista walikuwa wamekwisha kupanga maombi ya kuwaaga Jumapili moja baada ya Sabato, hema likakodiwa na wapishi wakatafutwa. Oliver alikuwa amewatangazia watu wote wa Suna, pamoja na wale ambao hawakumwuliza. Majirani nao walianza kumwita baba yao Baba Kanada, na yeye akawa anacheka kidogo tu na kupita.

Jioni moja Oliver aliwaonyesha video ya mji huo kwenye simu. Theluji ilikuwa imefika madirishani, na bwana mmoja alirusha maji ya moto hewani yakageuka unga wa barafu kabla ya kutua.

"Nyuzi thelathini chini ya sifuri," Oliver alisema kwa fahari, utadhani baridi hiyo aliitengeneza yeye.

Baba yao, Mirumbe, alikuwa mchuuzi wa mahindi, na maneno hakuyapenda mengi. Aliweka kikombe chini. "Na huyu mtoto?" aliuliza.

"Baridi ni nguo, Baba Oliver," mama alijibu haraka. "Nyumba za huko zina joto ndani. Na isitoshe, Nyangi hajaugua tangu mwaka jana. Akianza kuugua tena hatuendi, nimeshasema."

Maneno hayo yalimkaa Nyangi moyoni. Alikuwa ameugua. Alikuwa ameumwa miguu shuleni si mara moja, akalala juu ya dawati na kumwambia mwalimu kwamba ni tumbo tu. Sasa alielewa kwamba safari ya mama, ndoto za Oliver na maombi ya kanisa zima, vyote vilitegemea mifupa ya miguu yake miwili. Nani angetaka kuwa mtoto aliyewazuia watu wote hao?

Basi akapiga hesabu yake. Mtu asiyezoea jembe hutoka malengelenge siku ya kwanza, lakini akiendelea kulima, mkono wake hukomaa. Mwili nao si ungeweza kufundishwa baridi vivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka uizoee? Hesabu hiyo ilimwingia akilini vizuri sana, na balaa ilianzia hapo.

Likizo ya Aprili alipelekwa Homa Bay kukaa na mama yake mdogo, Filister, ambaye yeye alimwita Anti, na ambaye aliuza samaki ufuoni. Jua la Homa Bay halina mzaha, na Nyangi alianza kuhofu kwamba mazoezi yake yangeharibika. Kisha akakiona chumba cha barafu. Kilikuwa kijumba cheupe chenye mlango mnene, karibu na mahali pa kupimia samaki. Ndani, makreti ya mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, yalifunikwa barafu iliyopondwa yakisubiri magari ya Nairobi. Filister alipoufungua mlango, hewa nyeupe ilimwagika miguuni mwao.

"Toka hapo, nyathina," Filister alimwambia. Neno hilo la Kijaluo, mwanangu, alilitumia kwa watoto wote wa dada yake. "Hapa si mahali pako. Nisubiri kule kwenye jua."

Nyangi alitii mpaka wanunuzi walipomzonga Filister na kuanza kuvutana naye juu ya bei. Hapo alinyata, akausukuma mlango, akaingia. Siku hiyo hakukaa sana. Alipotoka hakuumwa popote, naye nusura aruke kwa furaha.

Siku iliyofuata alivua sweta. Aliketi juu ya kreti tupu, akafumba macho na kujiambia kwamba yuko Winnipeg anasubiri basi la shule. Meno yaligongana. Vidole vilikuwa vigumu hata hakuweza kuvikunja. Alijiambia avumilie kidogo tu, halafu tena kidogo, na mama angefurahi namna gani kumwona mtoto wake wa baridi! Alipotoka, jua lilimpokea vizuri, akadhani ameshinda.

Kabla Filister hajamaliza kuuza samaki, miguu ilianza kuuma. Kisha mgongo, kisha kifua. Haya hayakuwa maumivu ya kuvumilia kwa kuuma meno mpaka yapite. Alijaribu kushika beseni la omena, dagaa wa ziwani, asianguke, akaanguka nalo.

"Yawa! Nisaidieni, mtoto!" Filister alipiga ukelele. Aliacha samaki wake wote juani bila hata kumwachia mtu, akampakata Nyangi kwenye pikipiki mpaka hospitalini.

Daktari aliyewapokea aliitwa Angwenyi. Alimtundikia Nyangi dripu, akamdunga sindano ya kutuliza maumivu, akamwekea hewa ya oksijeni. Kisha akainama karibu naye.

"Nyangi, nini kimeanzisha haya? Umekaa kwenye baridi? Umenyeshewa?"

Nyangi alilishika jibu alilopewa. "Nilinyeshewa," alisema. "Jana. Anti alikuwa kazini hakuniona."

Filister aligutuka. "Jana? Mvua ilipokuja si ulikuwa ndani umelala?"

Nyangi alifumba macho. Filister alianza kuzungushazungusha pindo la leso.

Asubuhi yake mama, baba na Oliver walifika kutoka Migori. Mama alikuwa bado amevaa sare ya kazi. Alimgusa Nyangi paji la uso, akasoma chati iliyoning'inia kitandani, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Mvua, Filister! Nilikuambia nini nikikuachia huyu mtoto? Unamwacha anyeshewe kwa sababu ya samaki?"

"Edith, sikumwacha."

"Basi yeye ndiye mwongo?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kusikiliza. Filister alimtazama Nyangi kwa muda mrefu, akasubiri. Kisha machozi yakamtoka.

"Labda alitoka sikumwona," alisema polepole. "Labda kweli ni mimi. Nisamehe, Mama Oliver."

Nyangi alijisikia vibaya mno. Maumivu ya mifupa aliyajua tangu utotoni, lakini haya ya kumwona Anti akikubali kosa ambalo hakulifanya yalikuwa mapya, na hayakuwa na sindano. Aliivuta ile barakoa ya hewa pembeni.

"Anti hana makosa," alisema. "Sikunyeshewa. Niliingia kwenye chumba cha barafu. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?" mama aliuliza.

"Ya Kanada."

Hakuna aliyecheka. Nyangi aliyatoa yote, maji moto aliyomwaga bafuni, maumivu ya shuleni, tumbo la uongo, hata ile hesabu ya mkono wa mkulima. Alieleza huku akisitasita kutafuta pumzi, na kila alipomaliza jambo moja alikumbuka jingine. Mama alijishusha taratibu kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwa hivyo hatuendi?" Oliver aliuliza. Sauti yake ilikuwa kali, na macho yalikuwa mekundu.

"Oliver, kaa nje kidogo," baba alisema. Oliver alitoka akiubamiza mlango.

Daktari Angwenyi, aliyekuwa ameingia kumwangalia mgonjwa na kuyasikia hayo, alivuta kiti. "Sikiliza, binti. Mkono wa mkulima hukomaa, hapo uko sawa. Lakini damu yako haifundishwi baridi. Kila mara chembe zinapojikunja, zinaumiza mahali fulani mwilini. Hayo mazoezi yako yalikuwa yanakumaliza."

"Daktari," baba aliuliza, "unamaanisha watoto kama huyu hawawezi kuishi nchi za baridi?"

"Wapo, na wengi wanaishi vizuri. Wana dawa nzuri na nyumba za joto. Sisi nasi tuna joto, lakini tuna malaria, na malaria inaweza kummaliza kuliko hata baridi. Kwa hivyo sitawaambia nendeni, wala sitawaambia msiende. Ninachosema ni kwamba kuna mtu ambaye kwake baridi ni nguo tu, na kuna mtu ambaye kwake hali ya hewa ni sehemu ya matibabu. Mkiwa na huyu wa pili, mnauliza kuhusu baridi kwanza. Atasubiri wapi basi la shule? Daktari wake ni nani tangu siku ya kufika? Msiyaulize mkiwa mmeshafunga mizigo."

Mama alisubiri mpaka daktari akaondoka. Kisha akamshika Filister mkono.

"Nyamera, dada yangu, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele za watu." Alijifuta macho kwa kiganja. "Mimi ni muuguzi. Mtoto wa mtu mwingine ningemwuliza mara tatu anaumwa wapi. Wangu nilimwuliza mara moja, akasema hana kitu, nikafurahi na kuondoka haraka asije akabadilisha maneno. Nilitaka sana kwenda."

"Na ile hospitali nyingine?" baba aliuliza. "Ile ya pwani ya magharibi."

Mama aliwahi kuambiwa kuhusu mji mwingine wa Kanada, karibu na bahari, ambako kipindi cha baridi huwa cha mvua zaidi ya theluji. Aliuacha kwa sababu nafasi ya kazi katika hospitali ya huko ilihitaji kungoja. Sasa alisema angeiomba hiyo, hata ikichukua muda. Angetangulia peke yake, aionje baridi yenyewe, atafute daktari wa damu na nyumba iliyo karibu na shule. Akiridhika angewaita. Asiporidhika angerudi.

"Na hema? Na maombi?" Filister aliuliza. "Watu watasema."

"Waache waseme," baba alijibu.

Oliver alirudi akiwa amebeba chupa ya uji alioununua nje. Alimmiminia dada yake kikombe bila kumwita Malkia. "Pole," alisema akitazama dirishani. Ilionekana wazi kwamba habari ya safari bado ilimuuma.

Nyangi alianza kulia. "Nimewaharibia safari."

"Nitazame," mama alisema. "Mimi nilikuwa napanga safari ya mtoto asiyeumwa. Mtoto huyo simjui. Sikumzaa. Niliyemzaa ni wewe. Ukinificha maumivu, unanipa mtoto wa uongo nimpange na kumfungashia nguo, halafu atakayeshuka kwenye ile baridi ni wewe mwenyewe. Umenielewa?"

Nyangi alitikisa kichwa kukubali.

"Ukweli wako ndio unaonisaidia kuamua. Uongo wako, hata ukiwa wa kunipenda, unanipoteza njia. Kwa hivyo ukiumwa, sema. Hata ndege ikiwa imefunga mlango, sema. Tutashuka."

Mama alikuwa amechoka, hakuwa amelala usiku kucha, na alikuwa ameanza kutabasamu kidogo. Nyangi alitamani sana kumwambia kwamba sasa amepata nafuu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Aliyameza.

"Mama, mgongo bado unauma," alisema. "Na hapa kifuani, nikivuta pumzi, panachoma."

Mama aliinuka papo hapo akaenda kumwita daktari.