Mlango wa Sekunde Tatu

Nembo ya studio ilikuwa ya sekunde tatu, hazizidi hazipungui, na Mkasi ndiye aliyeitengeneza. Mlango wa mbao unafunguka, mwanga unamwagika, jina la studio linajitokeza, basi, filamu ya dini inaanza. Jumatatu asubuhi, alipoibandika mbele ya filamu mpya, kompyuta ilimwonyesha sekunde tatu na fremu moja. Fremu moja ni picha moja tu, hata kupepesa jicho ni kurefu zaidi. Akaikata. Kukata ndiyo kazi iliyompa jina hilo la Mkasi.

Jumanne zilizidi fremu tano. Jumatano zilikuwa kumi na mbili, na ndani ya zile kumi na mbili mlango ulikuwa umefunguka kuliko siku zote, kiasi cha bega la mtu kupenya.

"Mkurugenzi, hebu njoo uone."

Mkurugenzi, mtoto wa marehemu mwanzilishi wa studio, akaja na kikombe chake cha chai. "Kompyuta imechoka, Mkasi, na wewe umechoka. Ukianza kuona malaika niambie, tuwape nafasi ya kuigiza. Wao hawatachelewa kazini."

Mkasi hakucheka. Chumba cha uhariri kilikuwa kinanuka nywele zilizoungua.

Nyumbani alimkuta Kidoti, binti yake wa miaka sita, mtoto pekee aliyempata baada ya mimba zake tatu kuharibika, amekaa sakafuni mbele ya televisheni. Mkasi alizoea kumwachia filamu za studio bila wasiwasi. Hazina matusi, hazina fujo. Lakini filamu ilikuwa imesimamishwa pale penye mlango, na mtoto alikuwa akinong'ona.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mgeni. Anasema mlango mmemwachia wazi siku nyingi, ila alikuwa hajui anakaribishwa na nani. Sasa anajua ni wewe."

Mkasi akachuchumaa kando yake. "Ana sura gani huyo mgeni?"

"Hana. Anaomba ya kwangu." Kidoti akamgeukia. "Nimemwambia nitakuuliza kwanza."

Kulipokucha, upande wa kushoto wa uso wa mtoto ulikuwa hausogei. Daktari alisema ni mshipa, utarudi wenyewe. Mkasi aliitikia kwa adabu, akambeba mwanawe hadi kwa shangazi yake wa jirani, kisha akaenda moja kwa moja studio, kwenye kabati la kanda za zamani. Akazipanga nembo zote, kuanzia ya kwanza.

Ya kwanza, aliyoipiga mwanzilishi mwenyewe kwenye mlango wa ghala lililo nyuma ya ofisi, ilikuwa na sekunde thelathini. Mlango unafunguka, mwanga unaingia, kisha sauti ya mwanamke, nzito, inayotetemeka: "Ee Mungu, kisicho chako kitoke, kilicho chako kibaki." Halafu mkono wa mwanamke huyo unauvuta mlango mpaka komeo linalia. Ya pili ilikuwa na sekunde kumi na tano, na mlango haufungwi tena. Ya tatu ilikuwa na sekunde nane, na mahali pa sala pamewekwa kinanda. Ya nne ndiyo hii ya sekunde tatu. Hizi tatu za mwisho zilikatwa na mkono mmoja, na Mkasi aliutazama mkono ule uliokuwa juu ya meza kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mwenye sauti ile, mjane wa mwanzilishi, aliishi chumba cha uani. Alimsikiliza Mkasi mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Lile ghala tulilikuta na mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Jini wa hapo hapo. Marehemu aliupenda ule mlango kwa mbao zake. Nikamwambia, sawa, fungua, lakini nisali, na nikimaliza nifunge. Sala inamtoa, mlango unamzuia asirudi. Sasa nyinyi kila mnapoionyesha ile picha mnamfungulia. Miaka kumi na moja hajafungiwa." Akamtazama Mkasi. "Nani aliitoa sauti yangu? Mwanangu aliniambia ni watu wa televisheni."

Mkasi angeweza kuitikia tu, yakaisha. "Televisheni walitaka ifupishwe, Bibi. Kuitoa sauti yako nilichagua mimi. Nilikuwa naionea haya. Unavyotetemeka, unavyoyavuta maneno. Nilitaka tuonekane wa kisasa. Nisamehe."

"Si ungeniambia? Ningekunywa maji ya moto kwanza." Bibi akamshika mkono. "Ulifunguliwa kwa kamera, ufungwe kwa kamera. Nitasali upya. Kwanza sala, ndipo mlango. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Jumamosi walikusanyika. Bibi aliketi kwenye chumba cha sauti, kipaza sauti mbele yake, akisubiri, maana nje fundi wa jirani alikuwa anakata vyuma. Kwenye ghala, Mkurugenzi alikuwa anatazama dirisha.

"Jua linatukimbia. Tupige mlango kwanza, sala tutairekodi baadaye tuibandike mbele, kama siku zote."

Mkasi, Mungu amrehemu, hakuona kosa. Aliyezeeka katika kazi hii anajua kwamba mwisho hupigwa kabla ya mwanzo, na kwamba mambo hupangwa mezani. Alinyoosha mkono, akauvuta mlango, komeo likalia. Kisha wakaenda kwa Bibi, naye akasali mpaka machozi yakamtoka. Mkasi akaipanga kazi: mlango wazi, sala, mlango kufungwa. Sekunde thelathini, bila fremu moja ya ziada. Mkurugenzi alimkumbatia mama yake.

Mkasi alimchukua Kidoti kwa shangazi, wakaingia nyumbani, na alipokuwa akivua viatu aliisikia ile harufu ya nywele zilizoungua, si ya kutoka jikoni wala dirishani bali ya hapo hapo sebuleni, karibu, kama pumzi ya mtu aliyeinama kukunong'oneza, na akageuka taratibu huku akiitafuta sala ya Bibi kichwani na kupata vipande tu, na akamwona mwanawe amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, anamtazama kwa huruma.

"Mama, mbona mlifunga kabla hamjamwambia atoke?"

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe. Alipoisikia ile sala alikimbia kwenda kutoka, akakuta pamefungwa. Sasa hana pa kwenda." Sauti ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa nzito. "Nimechoka kumkatalia, mama."

"Kidoti! Nitazame. Niite jina langu. Mwanangu, niite."

Mtoto hakuita. Alitabasamu, na upande wa kushoto ndio uliotangulia.