Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Gari halikuwaka, wala halikukohoa. Ufunguo ulipozungushwa, kilisikika kitu kama mtu anayevuta pumzi.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alidhani masikio yanamchezea. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Jirani yake mshonaji, mwenye gari, alisimama kando jasho likimtiririka, maana mkewe alikuwa ndani ameshikwa na uchungu.

"Fanya haraka, ndugu yangu. Mama mkwe anasema mtoto yuko njiani."

Spana akafungua boneti. Betri ina moto. Waya za stata zimekaza. Plagi safi, petroli ipo. Kila kitu kizima, gari limekufa.

"Hebu jaribu tena."

Mshonaji akazungusha ufunguo. Pumzi ile ile. Safari hii ikaja na harufu ya udongo uliolowa, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Spana akachungulia ndani. Kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea, kama kimekaliwa.

"Umempakia nani huku nyuma?" akanong'ona.

"Nyuma? Hamna mtu."

Spana akachomoa waya wa betri, na akiwa bado ameushika, injini ikanguruma yenyewe, taa zikawaka mchana kweupe, kioo cha nyuma kikatanda ukungu kwa ndani, na kiganja kisichoonekana kikaufuta ukungu ule taratibu, kama mtu anayetaka kuona nje vizuri.

Mama mkwe akatoka mbio. Alipoona, hakupiga kelele. Aliupiga mlango kwa kofi.

"Sikukuita, wala sikujui! Shuka, tumpeleke mwanangu hospitali!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kiti kikainuka. Nyayo za maji, nyembamba, zisizo na visigino, zikajichapa kwenye saruji moja baada ya nyingine, zikampita mama mkwe, zikampita mshonaji aliyeganda kama gogo, zikapanda ngazi, zikaingia ndani.

Ndani, mtoto akalia.

Wakakimbia wote. Mzazi alikuwa amelala, amechoka, anatabasamu. Mtoto alikuwa kifuani pake, ameshafutwa, kitovu kimefungwa vizuri kwa uzi.

"Mama, yule mkunga uliyemleta ameshaondoka? Amesema tusihangaike kutafuta jina. Ameshampa yeye."

Mtoto akanyamaza ghafla, akageuza kichwa kuelekea mlangoni, kama anayeitwa.