Dakika Nne za Pasta

IJUMAA, SAA KUMI NA NUSU JIONI

Chumba kilikuwa nyuma ya kinyozi, Langas, Eldoret. Dirisha moja, limezibwa na gunia. Maurice aliweka sahani ya bati katikati ya meza, na kiberiti mbele yake. Sahani ilikuwa nyumba. Kiberiti kilikuwa gari.

"Ongea, Fundi."

Shitanda alifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa mikono ilikuwa safi.

"Gari itaegeshwa hivi. Uso kwa veranda, mkia kwa geti. Mimi ndiye nitaipaki. Geti itakuwa wazi kwa sababu ya wageni. Saa sita kasorobo Pasta anaanza maombi."

"Wataishika?"

"Hapana. Mwalimu mwenye gari amekataza. Rangi ni ya juzi, hataki vidole. Watasimama mbele yake, hatua tatu. Na Pasta amesema iombewe ikinguruma. Kwa hivyo ufunguo uko ndani, injini inaenda, na kiti hakina mtu."

"Macho?"

"Watafunga. Hao ni watu wa kanisa."

"Muda gani?"

"Dakika nne. Nimempima Jumapili tatu mfululizo. Hajawahi kushuka chini ya nne."

Maurice alicheka kwa pua. "Kwa hivyo tunaiba Mungu akiongeleshwa."

"Yeye hafungi macho," alisema Kavetsa, dereva wao, mtoto mgongoni.

"Wewe shika usukani. Hayo mengine wachia Pasta."

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 160J, la mwaka wa sabini na saba. Mwalimu Jeruto alilikuta Moiben, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa amestaafu kufunza fizikia na hakutaka kukaa bure. Kwa miaka saba, kila Jumamosi, yeye na Shitanda walikata kutu, wakakunja mabati mapya ya sakafu, wakang'oa injini iliyokufa na kufunga nyingine ya Nissan ya siku hizi. Gia tano. Breki za diski magurudumu yote manne. Kwa macho lilikuwa gari la zamani. Chini lilikuwa jipya. Mtu mmoja wa Kampala aliona picha zake kwa simu, na tangu siku hiyo hakutaka lingine.

Kazi ililetwa na Shitanda mwenyewe.

"Siku ya picha alikuja mtu wa gazeti," alisema, bila kuulizwa. "Mwalimu akaniambia, Fundi, sogea kando kidogo, unaziba mwanga. Miaka saba. Naziba mwanga."

Akachukua kofia yake akatoka.

Maurice alingoja mpaka viatu viishe kusikika.

"Marvin atalala kwa Mercy leo."

Kavetsa alimtazama. Mtoto alikuwa na miezi minane. Alikuwa amelala mgongoni kwake, joto lake linapita kwenye leso.

"Bado ananyonya."

"Kuna maziwa ya paketi."

"Maurice, mimi niliacha hii kazi."

"Ndio maana atalala kwa Mercy." Alisema bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni dukani. "Hiyo ndai ya Mwalimu ikifika Cheptiret, napiga simu moja, unapata mtoto wako. Isipofika, Mercy anavuka naye Malaba. Utamtafuta Uganda yote, Mama Marvin."

Mercy alikuwa mlangoni. Alikuwa ameishi na Maurice miaka mitatu, na kwa miaka hiyo yote alizoea kutazama sakafu. Akanyoosha mikono bila kuinua macho. Kavetsa akafungua leso.

"Na Fundi asijue," alisema Maurice. "Roho yake ni nyepesi, huyo. Akijua atalegea."

JUMAMOSI, SAA TATU NA NUSU ASUBUHI

Boma la Mwalimu Jeruto, Kapsoya. Shitanda alimwingiza Kavetsa kwa mlango wa jikoni.

"Huyu ni dada yangu. Amekuja kusaidia na chai."

"Karibu sana, dada ya Fundi." Mwalimu alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni. Chini ya kucha zake kulikuwa na weusi wa grisi ambao sabuni imeshindwa nao. Akampa aproni. Kisha macho yake yakashuka kifuani kwa Kavetsa, mahali blauzi ilikuwa imeanza kulowa, duara mbili.

"Uko na mtoto mdogo."

"Ndio, Mwalimu."

"Sasa umemwacha wapi? Ungekuja naye. Hapa kuna vitanda."

"Ako salama."

"Siku nyingine uje naye," alisema Mwalimu, akamfungia aproni mwenyewe, juu kidogo, ifunike.

SAA NNE NA DAKIKA ISHIRINI

Chai. Mandazi. Wageni thelathini, wengi wao walimu wastaafu na majirani. Wanaume walizunguka gari mikono nyuma, kama watu wanaotazama ng'ombe wa maonyesho. Rangi ya chungwa. Bampa za kromu unazoweza kujiona ndani yake.

"Hii ilikuwa inatupita sisi tukienda shule," mzee mmoja alisema. "Vumbi tu unaona."

"Wewe ulienda shule lini?" mwingine akamuuliza. Wakacheka.

Kavetsa alipita na birika. Hakusikia chochote moyoni. Matiti yalikuwa yamekuwa mawe. Alihesabu hatua kutoka meza ya chai hadi mlango wa dereva. Kumi na moja. Aliangalia gia kupitia kioo. Rivasi kushoto, juu, unainua pete ya gia kwanza. Shitanda alikuwa amemchorea kwa chaki sakafuni mara mbili.

Nje ya geti, mita mia moja chini ya barabara, Probox nyeupe ilikuwa imesimama. Maurice alikuwa ndani, bastola chini ya gazeti. Kazi yake ilikuwa kuziba barabara nyuma ya Kavetsa.

SAA TANO NA DAKIKA AROBAINI NA TATU

Mwalimu aliwasha gari. Lilishika mara moja, sauti nzito, safi. Watu wakapiga makofi. Akashuka, akaacha mlango wazi, akaenda kusimama mbele na wenzake.

"Kabla Pasta aombe," alisema, "kuna neno moja. Mimi nilinunua chuma. Aliyeifanya gari ni huyu. Fundi, uko wapi? Kuja mbele. Kila mtu aone."

Shitanda alikuwa karibu na tangi la maji. Hakuja. Alisimama tu, kofia mkononi, na uso wake ukafanya kitu ambacho Kavetsa hakuwa amekiona tangu amjue.

"Ana aibu," Mwalimu alisema. "Basi Pasta, uanze na mikono yake. Uombee mikono ya fundi."

SAA TANO NA DAKIKA AROBAINI NA SITA

"Tufunge macho," alisema Pasta.

Wakafunga.

Hatua kumi na moja. Kavetsa aliketi. Kiti kilikuwa cha ngozi mpya, kinanuka duka. Alivuta mlango taratibu mpaka ukabofya. Sauti ya injini ikaumeza mlio. Mbele yake, kupitia kioo, watu thelathini wenye macho yaliyofungwa, mikono juu, midomo inaenda. Mwalimu Jeruto alikuwa wa kwanza, katikati, anatabasamu akiwa amefumba.

Dakika ya kwanza. Alikanyaga klachi. Akainua pete. Kushoto, juu.

Akatazama kioo cha nyuma.

Shitanda alikuwa hapo. Katikati ya mkia wa gari, viganja vyote viwili juu ya buti, vidole vimetanuka kwenye rangi ambayo haijawahi kuguswa na mtu. Macho yake yalikuwa wazi. Katika boma lote macho yaliyokuwa wazi ni manne tu.

Alitikisa kichwa. Hapana.

"Toka," Kavetsa alisema kwa midomo.

Hapana.

Dakika ya pili. Pasta alikuwa amefika kwenye ajali za barabarani. Alikuwa anazikemea moja moja.

Kavetsa aliweka mikono kama mtu anayebembeleza mtoto. Akaonyesha kifua chake. Akaonyesha mbali, huko nje. Mtoto. Wako na mtoto. Shitanda alikunja uso. Hakuelewa. Angewezaje kuelewa? Aliona tu mwanamke anayemwomba, na yeye alikuwa ameshaamua. Hakupiga kelele. Hakumwita Mwalimu. Angeweza kumwangamiza kwa neno moja na hakulisema. Alikuwa anampa nafasi ashuke, arudi kwenye birika, wote wanywe chai.

Dakika ya tatu.

Malaba ni mwendo wa saa mbili na nusu. Mtoto wa miezi minane hajui jina la mamake. Baada ya mwezi hajui hata sura.

"Na sasa, Baba, tunapomaliza," alisema Pasta.

Kavetsa aliachilia klachi.

Lilirudi nyuma kwa nguvu kuliko alivyotarajia. Kioo kikawa tupu. Kisha magurudumu yakapanda kitu na kushuka. Springi zilikuwa mpya, Shitanda alikuwa amezifunga mwezi wa tano kwa mikono yake, na zilimeza karibu mshtuko wote. Kavetsa alisikia kidogo tu. Kama tuta dogo.

Amina haikusemwa.

SAA SITA NA DAKIKA KUMI

Barabara ya Nakuru. Gia ya nne, ya tano. Gari lilienda kama maji. Probox ilikuwa nyuma yake, taa zinawaka. Jua lilikuwa kali juu ya mashamba ya ngano. Kavetsa alipita lori la mahindi, akapita basi la shule, akatoa indiketa kila mara kama alivyofunzwa. Maziwa yalikuwa yanashuka yenyewe. Aproni ilikuwa imelowa mpaka tumboni. Alijaribu kufikiria uso wa Shitanda na kilichokuja ni pete ya gia.

SAA SITA NA DAKIKA ISHIRINI NA TANO

Cheptiret. Nyuma ya stoo ya mahindi, Canter ilikuwa imeshusha mbao mbili za kupandishia gari. Dereva wake alikuwa anakula muwa.

Maurice alitoka kwenye Probox akitembea haraka. Aliangalia nyuma ya Datsun. Bampa haikuwa imepinda. Ilikuwa na damu, na juu yake, kwenye rangi ya chungwa, alama za viganja viwili vya grisi, vimeburutwa kwenda chini.

"Ni nani?"

"Fundi."

Maurice alifikiri kidogo. "Sawa. Hesabu ya pesa imerahisika."

"Piga simu."

"Pandisha gari kwa Canter kwanza."

"Piga simu, Maurice."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake kilichomfanya apige. Akaweka spika. Iliita mara tano.

"Ndai imefika," alisema Maurice. "Mlete mtoto."

"Siko naye." Sauti ya Mercy ilikuwa ya chini, lakini haikutetemeka. "Nilimpeleka kwa nyanyake Huruma. Saa nne asubuhi."

"Umesema nini?"

"Nilikaa naye usiku mzima akilia, Maurice. Asubuhi nikachoka na wewe. Sasa niko kwa polisi. Nimewaambia Cheptiret."

Dereva wa Canter aliacha kutafuna. Akatupa muwa, akaanza kuinua mbao.

Saa nne. Saa nne Kavetsa alikuwa jikoni anapanga vikombe. Kama angemwaga chai, akaenda kwa mamake Huruma, angemkuta Marvin.

"Mercy," alisema. "Amekula?"

"Nani huyo? Mama Marvin?"

"Amekula?"

"Alikataa paketi. Nyanyake amempa uji, akakubali. Nimemwacha amelala."

Maurice alikata simu. Alimtazama Kavetsa, akatazama barabara, akapanda Probox bila neno na kuondoka upande wa Burnt Forest, mlango haujafungwa vizuri. Canter ikamfuata. Vumbi likakaa.

Kavetsa alirudi kwenye Datsun. Akaligeuza. Akaelekea Eldoret, mahali polisi walikuwa wanatoka, kilomita hamsini kwa saa.

SAA SITA NA DAKIKA HAMSINI

Aliiona Land Cruiser kutoka mbali. Akatoa indiketa, akaegesha kando, akazima injini, akaweka mikono juu ya usukani ionekane.

Walikuwa wanne. Aliyefungua mlango alikuwa afande mwanamke, mnene, anahema.

"Toka pole pole."

Akatoka.

"Fundi?" Kavetsa aliuliza.

"Hakufika hospitali."

Kavetsa aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Pingu zilikuwa baridi. Afande alizifunga, kisha akaona aproni, na blauzi chini yake.

"Uko na mtoto?"

"Miezi minane. Ako Huruma, kwa mamangu."

Afande alipunguza sauti, wenzake wasisikie. "Sikiliza, dada. Mtoto kama huyo anakubaliwa kukaa na mamake ndani ya jela. Mpaka miaka minne. Tukifika stesheni nitapigia mamako, amlete. Utamnyonyesha leo leo."

Lori la ng'ombe lilipita, likiacha harufu. Kavetsa alingoja lipite lote.

"Msimlete," alisema. "Ameshakubali uji. Wacha azoee."